Mkono wa Kushoto wa Kochi la Baba

Kwako Kaka Mkubwa,

Shikamoo, kaka. Nakupa moja tu kwa sasa, maana miaka tisa sijakuamkia, na nikikumwagia shikamoo zote kwa mpigo zinaweza kukuangusha na kiti. Natumaini barua hii itakukuta mzima, mgongo hausumbui, na lile jicho lako la kulia lililokuwa likitiririka machozi kila ukikaribia jiko limeshapatana na tanuri. Nasikia siku hizi wewe ni msimamizi wa zamu kwenye kiwanda cha mikate, na kwamba watu thelathini hawagusi unga mpaka wakuone umefunga aproni. Nilipoipata habari hiyo nilimwambia kila mteja aliyeingia dukani kwangu kwamba kaka yangu ndiye anayelisha mji mzima. Wengine walishangaa. Hawakujua kama nina kaka.

Ukitaka kujua hali yangu, mimi mzima. Tumbo limenitangulia kidogo, linafika mahali kabla yangu na kunishikia nafasi. Nywele zimenihama pale mbele, lakini sura haijaniangusha. Mama hajambo ila magoti. Zile ngazi tatu za mlangoni anazipanda huku anazitukana moja moja. Kitinda wetu naye hajambo, tena hajambo kupita kiasi, na huyo ndiye aliyenifanya nishike kalamu. Simu za nyumba hii hupokei, basi nimeona niandike. Unajua mimi na shule tuliachana mapema bila ugomvi, kwa hiyo ukikuta herufi imekaa vibaya isukume pembeni uendelee na safari.

Kaka, nimesalitiwa. Sikuandikii kwa utani. Nimesalitiwa na mama yangu mzazi na mdogo wangu wa mwisho, mchana kweupe, mbele ya watu mia mbili waliolipa kiingilio. Nami nikiwa nimekaa mstari wa mbele na shati jipya. Nitakueleza yote tangu mwanzo, na nakuomba usiikunje barua katikati, kwa sababu mwishoni kuna swali Mama anakuuliza: je, utarudi nyumbani? Jibu lako ndilo analolingoja. Na mimi nalingoja, kwa sababu yangu nyingine ambayo utaiona ukifika mwishoni.

Duka langu hukuwahi kuliona. Lipo barabara kubwa, kati ya fundi viatu na muuza vioo, na mbele lina kioo kizima kutoka sakafuni hadi juu ya kichwa changu. Ndani ya kioo naweka kochi moja tu, lililo zuri kuliko yote, limegeuzwa kidogo kama mwanamke anayejua anaangaliwa. Juu nimeandikisha kwa rangi ya dhahabu: MAKOCHI BORA. Watu wamekuja kutoka mbali. Nimewakalisha wakubwa na wadogo. Yupo jaji mmoja ambaye bila sponji yangu asingeweza kusikiliza kesi hata moja. Sijisifu, nasema yaliyopo. Na katika nyumba yetu mimi ndiye niliyekuwa tegemeo. Taa nilipe mimi, dawa za magoti mimi, na Kitinda akikosa nauli ya kwenda kwenye mazoezi yake ya maigizo, mfuko wa nani? Wangu.

Maana Kitinda aliingia kwenye maigizo hivyo hivyo, bila chuo. Mchana anauza vitabu na kalamu, jioni anaandika michezo. Mimi nilikuwa namcheka, lakini nacheka kwa kumpenda. Basi karibu miezi minne iliyopita akaja dukani, akakaa kwenye kochi la maonyesho bila kuvua viatu, akaniambia ameandika mchezo mkubwa na kikundi chake kimepata ukumbi, ile sinema ya zamani. Akasema mchezo mzima unatokea sebuleni, na anahitaji kochi. Nikamwambia achukue lolote. Akasema hapana, anataka kama la Baba.

Unajua la Baba lilivyo, lile la watu watatu, miguu ya mbao iliyochongwa kwa mkono, mikono minene kama ya bondia. Nikamuuliza kama mchezo wenyewe unatuhusu sisi. Akacheka, akaniambia eti kaka, kwani sisi tuna nini cha kuwekwa jukwaani? Ni familia tu, akasema, wana pesa zilizofichwa kwenye kochi na kila mtu ana ndoto yake. Halafu nikajiambia, haya, kila familia ina ugomvi wa pesa, zinazotofautiana ni fanicha.

Akaendelea kuniambia kwamba kwenye kochi lake pawe na mahali pa kufichia kweli, maana mwigizaji atazitoa pesa watu wakiona. Nikamuuliza mahali hapo pawe wapi. Kaka, sikiliza alivyonijibu mtoto yule, na macho yake makavu kabisa: akasema, wewe ndiye fundi, wewe ndiye uliyekaa na Baba karakana moja miaka kumi na mbili. Paweke pale ambapo Baba angepaweka.

Angenipa vipimo ningefuata vipimo. Yeye akanipa sifa.

Nilifanya kazi ile wiki nne, bure. Nilitafuta mbao ngumu zilizokauka, si hizi za siku hizi zinazopinda zikisikia mvua. Nikafunga springi kwa kamba, mafundo manane kila springi, kama Baba alivyonifundisha kwa kunipiga rula vidoleni. Mikono sikujaza sponji, nilijaza sufi, maana Baba alisema sponji haina siri, ukiibonyeza inakurudisha papo hapo. Na ndani ya mkono wa kushoto, upande wa ndani pale ambapo kiwiko cha mtu hakifiki, nikaficha mfuko mrefu mwembamba. Mdomo wake nikaufunga kwa kulabu nne ndogo chini ya ule mkanda wa mshono, ya pili nikaigeuza nyuma ili mtu asiyejua asiweze kuufungua. Hata mimi niliyeutengeneza, nikipitisha kiganja, sikuuona. Nilikaa pembeni nikalitazama kochi lile na machozi yakanitoka. Kitinda alipokuja kulichukua nilimwonyesha mwenyewe. Nilimshika mkono nikauongoza: hapa, sasa hapa, geuza, umeona? Akasema ameona. Akanishukuru, akanibusu shavuni. Busu lile bado linaniuma.

Siku ya mchezo nilifunga duka saa nane mchana. Nilimchukua fundi viatu na muuza vioo na mkewe, nikawalipia wote, nikawaambia wanakwenda kuona kochi, watu watakuwepo kwa bahati mbaya. Mama alikuwa ameshafika, kavaa gauni lake la kijivu, kakaa mstari wa mbele na kiti kimoja kando yake kimewekwa pochi ili kisichukuliwe. Kiti changu. Karatasi ya mchezo ilikuwa na jina langu chini: kochi limetengenezwa na kaka yake mwandishi. Nilimwonyesha hadi mtu wa nyuma yangu.

Pazia likafunguka, na hapo hapo nikajua. Hapakuwa sebuleni kwa mtu mwingine. Ni kwetu, kaka. Kalenda ya mwaka uliopita ukutani kwa sababu ya picha yake, dirisha lenye kioo kilichobandikwa gundi ya karatasi, na ile fomu ya chuo cha maigizo imechomekwa kwenye ukingo wa kioo cha kujitazamia. Kwenye kochi langu wamekaa mama mmoja, msichana mmoja na wanaume wawili, na wanagombana.

Unaukumbuka ugomvi ule. Baba alikuwa amelazwa, akatuita sote wanne kitandani, akatuambia pesa zake za miaka yote zimo ndani ya kochi, na kwamba zinatosha kufanya jambo moja likaisha. Hakusema kochi sehemu gani, hakusema jambo lipi, akalala. Alituachia sentensi moja na sisi tukafanya vita. Mama alitaka vile vyumba viwili vya nyuma vipate paa, maana alisema amechoka kuishi na kuta zinazoangalia mbingu. Wewe ulitaka mashine ya kufyatua matofali, una hesabu zako umeziandika kwenye boksi la viatu, unatupigia kwamba kwa miaka miwili tutajenga nyumba tatu. Kitinda alitaka ada ya chuo. Mimi nilitaka duka la kioo. Tuligombana mpaka jirani akapunguza redio yake atusikie vizuri. Mama akaamuru kochi lisiguswe na mtu yeyote mpaka Baba apone au azikwe.

Haya yote yalikuwa jukwaani, kaka, neno kwa neno. Boksi la viatu lilikuwepo. Aliyekuwa wewe ni kijana mrefu, mpole, sauti nzito, walimpata barabara. Aliyekuwa mimi walimtia mto tumboni. Mwanzoni nilimchukia, lakini ukumbi ukawa unamcheka kila akifungua mdomo, na mimi ukinichekea moyo wangu unalegea, ndiyo kasoro yangu. Nikaanza kumgusa mkono mtu wa kando: huyo ni mimi huyo. Nilikuwa nimeshamsamehe Kitinda.

Halafu ikafika siku ya pili baada ya mazishi. Yule kijana mrefu yupo peke yake na kisu, amelipasua kochi kwenye kikalio kutoka mwisho hadi mwisho, ameingiza mikono hadi kwenye viwiko, hakuna kitu. Wanaingia wengine na majirani. Kisha yule mwenye mto tumboni anasogea, anatazama mpasuko, anasema: jamani, kochi limepasuliwa, na daktari kaondoka na figo.

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Ndivyo walivyocheka majirani siku ile, msiba haujapoa, na walipomaliza kucheka wote wakakutazama mifukoni. Utani ule niliutunga mimi. Mpaka leo sijawahi kutunga mfupi kuliko ule uliofanya kazi kubwa kiasi kile. Pale ukumbini, kaka, sikuweza kucheka. Nilimtazama Mama, naye hakuwa anaangalia jukwaa. Alikuwa ananiangalia mimi.

Jukwaani kijana mrefu akafunga begi akaondoka. Mama wa mchezo akaingia ndani, msichana akaenda zake. Akabaki yule mwenye mto tumboni, peke yake na kochi. Akawa anatutania sisi watazamaji, huyu kamsema kofia, yule kamsema usingizi, watu hawana mbavu. Na huku anatania, mkono wake ukaanza kutembea juu ya mkono wa kushoto wa kochi. Polepole. Ukaingia upande wa ndani. Akafungua kulabu ya kwanza. Kicheko kikaanza kupungua, kutoka mbele kwenda nyuma, kama mtu anayezima taa moja moja. Akafika kulabu ya pili, ikamkatalia. Akaanza kuvuta kitambaa kwa nguvu.

Kaka, mimi ni fundi. Nilisimama. Nikasema kwa sauti ambayo hata muuza tiketi mlangoni aliisikia: usivute, utachana! Hiyo ya pili inafunguka kwa nyuma!

Ukumbi ulilipuka. Walidhani nimo kwenye mchezo. Walipiga makofi, walipiga miguu sakafuni, mtu akapiga mluzi. Yule mwigizaji kwa akili zake akageuza kulabu nyuma, ikafunguka, akatoa furushi la pesa, akaliinua juu kunionyesha, na makofi yakaongezeka. Na mimi, ninavyokuambia ukweli wa Mungu, makofi yalipozidi, niligeuka nyuma nikainama. Niliinama kama msanii. Nilipokaa, Mama alinivuta mkono wa shati, akaniambia taratibu: kaa, mwanangu. Umeshasema.

Watu walipotoka alimtaka fundi viatu na wengine watangulie. Tukabaki sisi watatu na kochi. Mama alipanda jukwaani kwa magoti yale, akakaa, akaingiza mkono kwenye ule mfuko moja kwa moja kama mtu anayeingiza mkono kwenye pochi yake. Akanieleza kwamba mfuko wa kochi la Baba aliushona yeye, mwaka uliozaliwa wewe, kwa kitambaa cha gauni lake la kijani lenye madoa meupe, na kulabu ya pili aliigeuza yeye nyuma. Yeye na Baba tu. Hakuna mtu wa tatu aliyeambiwa Baba akiwa hai.

Mimi nikaanza kujitetea. Nikasema mbona kochi hili nimelitengeneza mimi, nitakosaje kujua kulabu zake? Mama akamgeukia Kitinda, akamuuliza kama alinielekeza pa kuuweka mfuko. Kitinda akasema hakunielekeza. Alikuwa analia, lakini alisema.

Ndipo nikajua wamenitega. Miezi mitatu, kaka! Mama alimwambia Kitinda siri ya mfuko pale Kitinda alipomuuliza, akiandika mchezo, pesa zilikuwa sehemu gani hasa. Na Mama alipomwona usoni kwamba kweli hajui, akabaki na mtu mmoja. Wakaniletea kazi nifanye kwa mikono yangu, wakanisifu nikiwa kazini, Mama anakula chakula nilichonunua mimi, ananiuliza kochi limefikia wapi. Nilimpigia kelele mama yetu. Nilimwambia miaka yote hii nakutunza, kwa nini usiniite tu chumbani ukaniuliza? Akanijibu neno ambalo nimelala nalo siku kumi na tisa: ningekuuliza, ungenichekesha.

Nilitafuta utani, kaka. Mara ya kwanza maishani nikafungua duka nikakuta rafu tupu.

Haya. Nimekuzungusha vya kutosha na umenivumilia, sasa nakuambia lile lililonifanya niandike. Mambo mengine unayajua wewe na mimi tu, na mengine hata wewe huyajui.

Baba akiwa hospitalini, siku ya tano, Mama alikwenda kumpelekea chakula cha mchana nami nikabaki nyumbani. Mkono wa kushoto wa kochi ulikuwa unacheza, nikaona niukaze. Sikwenda kutafuta, naapa, nilikwenda kukaza. Lakini nilipoubonyeza, vidole vyangu viliniambia kwamba hapa sufi imeisha na kimeanza kitu kingine. Nikafungua kulabu. Pesa zilikuwa ndani ya kitambaa cha kijani chenye madoa meupe. Wiki ile ile mwenye duka la barabara kubwa alikuwa anataka malipo ya mbele, la sivyo anampa muuza simu. Nikajiambia nitazizungusha, nitazirudisha kabla Baba hajaamka vizuri. Nikazifunga kulabu zote nne kama nilivyozikuta. Kumbe ndizo zilizomwambia Mama. Alikwenda kupapasa siku ile ya mpasuko, baada ya watu kuondoka, akakuta mfuko mtupu na umefungwa kifundi, kulabu ya pili imegeuzwa nyuma. Wewe hujui kushona hata kifungo.

Baba hakuamka. Na baada ya mazishi ulinifuata nyuma ya nyumba, ukaniuliza kama mtu anayemwamini mdogo wake: Springi, wewe ulifanya kazi na Mzee, unadhani aliziweka wapi? Mimi ndiye niliyekuambia angalia chini ya kikalio, Baba alikuwa akipenda pale, pasua tu, nitashona. Nilidhani utapasua, utakosa, sote tutasema Mzee alikuwa anaweweseka kwa homa, mambo yataisha. Sikupanga wakukute. Lakini walikukuta, na wewe na kisu chako ulinitazama. Ulikuwa unaningoja. Neno moja tu ulilingoja: mimi ndiye niliyemwambia. Hukunitaja wewe mwenyewe, uliniachia nijitaje. Na mimi nikasema lile la figo.

Begi lako nililibeba mimi hadi kituo cha basi. Nilikupa nauli, ukakataa, nikaisukumia mfukoni mwako. Ulinikumbatia, ukasema katika nyumba ile nimebaki mimi tu. Kaka, nauli ile ilitoka kwenye kitambaa cha kijani. Nilikufukuza nyumbani kwako, nikakulipia na tiketi, kwa pesa ambazo walisema umeiba wewe.

Nilianza barua hii nikilia kwamba nimesalitiwa. Bado nina kinyongo na Mama na Kitinda, sikufichi. Lakini nimekaa nikapima, na maumivu yangu ya mchana mmoja nimeyaweka kando ya yako ya miaka tisa, na nimeona aibu kuyaita jina moja. Mama naye anayo yake. Amenituma nikuambie kwa maneno yake: alijua tangu siku ile kwamba si wewe, akanyamaza, kwa sababu alikuwa amebakiwa na watoto wawili na aliogopa kujua ni yupi. Anasema hilo atakuambia mwenyewe ukiwa umekaa mbele yake, hataki liende kwa posta peke yake.

Duka nimeliachia. Kioo kakinunua jirani yangu muuza vioo, alikitoa mbele ya macho yangu na ile rangi ya dhahabu akaikwangua kwa wembe. Sasa nafanyia kazi uani kwa Mama, chini ya zile kuta zisizo na paa. Pesa nilizopata nilimpelekea Mama zote, hakuzigusa. Alisema kwanza ziwasubiri watu wanne wakae chumba kimoja. Kuhusu fundi viatu na wateja, na majirani wale wale waliocheka, nimewaambia kwa mdomo wangu, nyumba kwa nyumba. Wengi walifikiri natania. Ilibidi nirudie mara mbili, mara tatu, nikiwa nimekunja uso kama polisi. Ndiyo malipo ya mtu aliyechekesha maisha yake yote.

Kochi la Baba lipo pale pale sebuleni. Mpasuko wako upo vile vile, Mama aliufunika kwa shuka na hakuna aliyeruhusiwa kukalia. Siku ile tuliyotoka ukumbini nilichukua sindano ya Baba iliyopinda na uzi, nikapiga magoti nianze kushona. Mama akaninyang'anya sindano, akaiweka juu ya kabati. Akasema halishonwi mpaka mwenye kisu arudi, akae kwenye kiti, anione nikilishona.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Nakuomba uje ukae. Nitashona polepole, utakuwa na muda wa kusema yote unayotaka kusema, nami nitakuwa na sindano mdomoni, sitaweza kutia neno.

Nisalimie shemeji ambaye sijamwona, na watoto ambao nasikia mmoja amerithi jicho lako. Waambie wana baba mdogo. Usiwaambie bado ni wa namna gani. Kitinda anakuamkia. Mama anakusalimu kwa jina lile la utotoni ambalo amenikataza kuliandika, anasema atalitumia mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako,
Springi

Nimesahau: Mama alitaka asomewe kabla sijaifunga. Kitinda amemsomea sasa hivi. Alicheka mahali pawili, kwenye jaji na kwenye redio ya jirani, halafu akakasirika kwa kucheka. Pale kwenye begi na nauli aliomba parudiwe. Kisha akanyanyuka, akaenda sebuleni akaliondoa lile shuka, akalikunja mara nne. Kochi liko wazi, kaka. Kila anayeingia analiona.